Hermila Alirudi, Mateus Hakuja

Katika filamu zote nilizotazama kuhusu kurudi nyumbani, hakuna iliyonikaa moyoni kama *O Céu de Suely*, iliyoongozwa mwaka 2006 na Karim Aïnouz, Mbrazili mzaliwa wa Fortaleza. Hermila, mwenye umri wa miaka 21, anarejea Iguatu, mji wa bara katika jimbo kame la Ceará, akiwa amempakata mwanawe mchanga, baada ya maisha ya São Paulo kuwashinda kwa gharama. Mateus, baba wa mtoto, ameahidi kumfuata ili wafungue kibanda cha kuuza CD. Haji, na mtazamaji halielewi hilo kwa kuambiwa bali kwa kusubiri pamoja na Hermila, siku baada ya siku, mpaka subira yenyewe inakuwa aibu.

Bibi yake anampokea, mahali pa kulala papo, chakula kipo. Hata hivyo, nywele zake zenye michirizi ya rangi ya dhahabu zinamtangaza kila anapopita kwamba huyu katoka mjini, nayo mbingu ya samawati isiyo na mwisho, aliyoipiga picha Walter Carvalho, inamfanya aonekane mdogo katika mji uliomlea. Sisi husema mwenda kwao si mtumwa, na methali hiyo naipenda, lakini inamsemea anayekwenda. Aliyekwisha kufika haimsemei.

Ili apate nauli ya kuondoka tena, Hermila anachezesha bahati nasibu ya chupa ya wiski, kisha, kwa jina la kujipachika la Suely, anajiweka mwenyewe kuwa zawadi: mshindi atapata "usiku mmoja peponi". Mji unamhukumu, na bibi yake anaumia kweli. Aïnouz hamhukumu, na kwangu mimi hiyo ndiyo heshima kubwa ya filamu hii, kwa kuwa ingekuwa rahisi mno kumwadhibu msichana huyu ili sisi tutoke tumeridhika.

Basi linaondoka na Hermila ndani yake, likipita kibao cha barabarani kinachosema kwamba hapo ndipo inapoanza hamu ya kuikumbuka Iguatu. João, aliyempenda tangu zamani, analifuata kwa pikipiki hadi wote wanatoweka. Kamera haiondoki. Barabara inabaki tupu kwa muda mrefu, nami kila mara hujikuta nimebana pumzi, mpaka pikipiki inapochomoza tena kwa mbali, na João yuko peke yake.