Bonde la Msimbazi: anayeacha matete yaote na anayemwaga kifusi

Kinyerezi, jijini Dar es Salaam, upande wa bondeni, tipa la kifusi halipigi honi. Linakuja saa tano usiku, linarudi nyuma taratibu mpaka matairi yaguse matete, linamwaga, linaondoka. Asubuhi unakuta mabonge ya zege na vipande vya vigae pale ambapo jana yake maji yalikuwa yanafika vifundoni. Likifika tipa la kumi pale si kinamasi tena, ni kiwanja, na dalali ameshaanza kuleta wateja.

Kuna mzee mmoja huko, alinunua eneo lake zamani, wakati watu wa mjini walikuwa bado wanasema "naenda shamba" wakimaanisha Kinyerezi. Yeye kifusi amekikataa. Sehemu ya chini ameiacha matete yaote, pembeni kapanda migomba na matembele, na kila kabla ya vuli anazibua mfereji kwa jembe lake mwenyewe. Majirani wawili wamemuiga. Wakiona tipa linakata kona kuelekea bondeni wanapigiana simu.

Ukitaka kuona kazi wanayoifanya, nenda siku mvua ikinyesha saa mbili mfululizo. Kutoka juu, kwenye mabati na lami, maji yanashuka mekundu yakikimbia. Yakiingia kwenye matete yanapoteza mwendo, yanatua tope, kisha yanatokea upande wa pili polepole. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu kule Kisarawe, unapita huku, unakwenda Tabata, Vingunguti, Jangwani, na kumwaga baharini kwenye Daraja la Salenda. Tope lisilotua Kinyerezi litatua Jangwani, na linalofuata kila mtu wa Dar analijua: barabara ya Morogoro inafungwa na mabasi ya mwendokasi yanasimama. (Aliyepaita Jangwani bila shaka hakuwahi kupita pale mwezi wa Aprili.)

Sasa, je, bonde liachwe mikononi mwa watu kama huyu mzee, au serikali iwaondoe wote na kulilinda yenyewe?

Wanaotaka watu waondolewe wana hoja nzito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inayahesabu maeneo ya namna hiyo kuwa ardhi hatarishi. Na hatari yenyewe si ya kwenye makaratasi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na waliookolewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Tena wakulima wa bondeni si malaika. Wapo wanaolima mchicha mpaka ukingoni kabisa, udongo unalegea na masika inaubeba. Na maji ya Msimbazi yanayopita karibu na viwanda hayafai kumwagilia kitu cha kuliwa. Tafiti zimekuta madini kama risasi kwenye mboga za bonde hilo. Ukimwambia mtu "mkulima ndiye mlinzi", ana haki ya kukuuliza: analinda nini, na mboga zake nani anakula?

Hoja hiyo naikubali, ila inaishia njiani. Baada ya bomoabomoa ya nyumba za bondeni iliyoanza mwishoni mwa 2015, sehemu za bonde zilibaki tupu, na penye utupu mjini hapakai siku nyingi. Wanaingia wachimba mchanga, zinaingia taka, na baadhi ya waliohamishwa wanarudi kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo na si Mabwepande. Mgambo hawezi kulala bondeni kila usiku. Mwenye eneo analala pale pale.

Upo pia mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, ulioidhinishwa mwaka 2022. Kazi zake kubwa ziko chini: kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, kutengeneza bustani ya jiji. Ni kazi nzuri. Lakini ukipanua mto chini huku juu vinamasi vinazibwa tipa baada ya tipa, utakuwa unazoa tope kila mwaka.

Mimi naona fundo liko kwenye haki ya ardhi, nalo linabana pande zote mbili. Huyo mzee ana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, basi. Mita 60 ni viwanja vitatu vya ishirini kwa ishirini vikifuatana. Ukizipima kutoka mtoni, eneo lake karibu lote limekwisha. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwepo hana sababu ya kuacha matete. Kwa hesabu za kawaida, bora auze sasa. Lakini ukimpa hati kamili kama ya mtu wa Masaki kwa matajiri, umempandishia bei, na mnunuzi wa kwanza atakuja na kifusi. Kwa hiyo usalama anaouhitaji ni wa kutumia, usio na ruhusa ya kujenga wala kujaza, na sharti hilo limfuate yeyote atakayenunua baada yake. Pembeni ya mto zibaki nyasi na matete, na mboga zirudi nyuma.

Halafu alipwe. Hapa wengi watanuna. Mwenye nyumba ya juu tayari anakatwa kodi ya jengo kwenye luku, anaponunua umeme, tangu 2021. Bati lake na ua wake wa pevingi ndivyo vinavyomwaga maji kwa jirani wa chini. Sehemu ndogo ya kodi hiyo ikishuka bondeni kwa wanaoacha kinamasi kibaki kinamasi, sioni kama ni sadaka, ni ada ya kutunziwa maji yako. Jiji lenye watu zaidi ya milioni tano, kwa sensa ya 2022, linapata huduma hii bure kutoka kwa watu wanaotishiwa kuwekewa alama nyekundu ya kubomolewa ukutani.

Ugumu wa kusimamia mpango huo siupuuzi. Nani atapima, nani atahakikisha anayelipwa hajamwaga kifusi nyuma ya migomba? Pengine serikali ya mtaa, ingawa mihuri ya mauziano bondeni ilitoka huko huko.

Wiki iliyopita nilimkuta mzee anakata matete yaliyoziba mfereji. Aliniambia dalali haji tena kwake. Siku hizi anampigia simu mwanawe wa pili.