Rachmaninoff: piano ilimla mtunzi, au ilimlisha?

Sergei Rachmaninoff, mtunzi wa Kirusi, aliondoka Urusi Desemba 1917, akiwa na umri wa miaka 44 na tungo 39 zenye namba, yaani opus, namba ambayo mtunzi huipa kazi au fungu la kazi zake. Akaishi miaka mingine 25, hadi Machi 1943, na katika miaka hiyo yote akaongeza sita tu. Muda uliobaki aliumalizia kwenye treni, hotelini na jukwaani, msimu baada ya msimu, akipiga piano kote Marekani na Ulaya. Ndiyo maana wapenzi wengi wa muziki wake hawajawahi kuisamehe kazi hiyo. Wanasema piano ilimla mtunzi.

Tuhuma hiyo haikuzuka hewani. Kwao alijulikana zaidi kama mtunzi na kiongozi wa okestra, na akikaa kwenye piano mara nyingi alipiga vitu vyake mwenyewe. Mapinduzi ya Urusi ya 1917 yalimchukulia shamba lake la Ivanovka, mahali alipotungia sehemu kubwa ya kazi zake, na akajikuta ugenini na mke na mabinti wawili wa kulisha. Boston, Marekani, walimtaka awaongozee okestra, akakataa, kwani hakuwa na akiba ya kutosha ya kazi za okestra kwa msimu mzima. Ikabaki piano. Mtu mzima wa miaka 45 akakaa chini kama mwanafunzi kujifunza Chopin, Liszt na Beethoven, kisha akashuka New York tarehe 10 Novemba 1918, siku moja kabla ya mizinga ya Vita vya Kwanza vya Dunia kunyamaza Ulaya.

Hadhira nayo haikuwa na huruma. Popote alipokwenda walitaka ile Preludi, kipande kifupi cha piano alichokitunga 1892 akiwa kijana wa miaka 19, hata akakichoka. Mwaka 1931 alikuja na kazi mpya, vipande 20 vilivyojengwa juu ya wimbo mmoja wa zamani, akamwandikia rafiki yake Medtner jinsi alivyokuwa akiipiga: anasikiliza kikohozi. Watu wakizidi kukohoa, anaruka kipande kinachofuata. Katika mji mmoja mdogo walikohoa mpaka akapiga 10 tu. New York walijitahidi, akafika 18. Inachekesha, lakini huyu ni mtunzi anayekata kazi yake mwenyewe kwa kufuata makoo ya watu, na sijui ushahidi gani mwingine upande wa mashtaka unaoweza kuuzidi huo.

Utetezi unaosikika zaidi ni wake mwenyewe: kwamba alipopoteza nchi alipoteza na hamu ya kutunga. Wengi wanalipokea hilo bila swali. Mimi linanisumbua, kwa sababu ya mwaka 1934. Mwaka huo alikuwa Uswisi, kando ya Ziwa Lucerne, katika nyumba aliyoijenga na kuiita Senar, kwa herufi za mwanzo za Sergei, mkewe Natalia na jina la ukoo. Akaanza kutunga Julai, na kabla Agosti haijaisha Rapsodia ya Paganini, kazi ya piano na okestra, ilikuwa tayari. Simfoni ya Tatu ikafuata baadaye, nayo hukohuko Senar. Urusi ilikuwa bado imefungwa kwake, tena miaka mitatu nyuma muziki wake ulikuwa umepigwa marufuku huko kwa sababu ya barua aliyoitia saini kuwalaani watawala. Ikiwa ukiwa wa uhamishoni ndio uliomnyamazisha, mbona hapo alisema?

Jibu langu ni kwamba alipata tena kile alichokuwa nacho Ivanovka: kiangazi kirefu, bustani, na mlango unaofungika. Hilo linaonekana kuwapa ushindi wanaoilaumu ratiba ya matamasha. Lakini Senar ilijengwa kwa pesa gani? Kwa pesa ya tikiti. Miezi ya baridi alipiga ili miezi ya joto atunge, na bila hiyo ya kwanza sioni hii ya pili ingetoka wapi. Na Rapsodia yenyewe ni kazi ya mtu ambaye vidole vyake havijawahi kupumzika.

Kuna jambo jingine ambalo mashtaka hulipita haraka: upigaji wenyewe. Sikiliza santuri yake ya mwaka 1930 ya Sonata ya Pili ya Chopin, kwenye ule mwendo wa mazishi. Sehemu tulivu ya katikati ikiisha, Chopin aliandika maandamano yarudi taratibu. Rachmaninoff anayarudisha kwa kishindo, kisha anayafifisha hatua kwa hatua, kana kwamba jeneza limepita mlangoni pako na sasa linaishilia barabarani. Ni kinyume na noti zilizoandikwa, na kuna wanaokasirika. Kwangu huko nako ni kutunga, ila hakupewi namba.

Sonata hiyohiyo ndiyo aliyopiga Knoxville, Tennessee, tarehe 17 Februari 1943, mgonjwa, mgongo ukimuuma. Baada ya hapo matamasha yaliyobaki yakafutwa.