Ndevu Zangu na Kitako cha Bunduki

Bunduki nyingi za hewa zinazouzwa huku Uingereza hutengenezwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia, na kitako chake huchongwa mto wa shavu upande wa kushoto tu, ambako shavu lake la kulia hulala. Mimi ni mashoto. Kila nilipolenga shabaha, shavu langu lilitafuta pa kuegemea lisipaone, na tangu nilipofunga darubini, ambayo hulilazimisha jicho kupanda juu zaidi ya mtutu, ni kidevu pekee kilichobaki kugusa mbao. Kitako cha mashoto kilichochongwa kwa mti wa jozi kina bei ambayo Mama Salma asingeisikia bila kupiga simu Pemba kuitisha kikao cha wazee. Kwa hiyo niliamua kukirekebisha hiki nilicho nacho, jikoni, siku ambayo yeye na Salma walikuwa harusini London.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Nilihakikisha bunduki haina risasi, nikafungua skrubu, nikautoa mtutu pamoja na mtambo wake na kuufungia kabatini, kikabaki kitako kitupu. Nikakwangua vanishi, nikapiga msasa wa 120, kisha wa 240, hata mbao ikateleza mkononi. Juu yake nikabandika donge la epoksi ya kukanda, ile inayouzwa vipande viwili ambavyo vikishachanganywa huwa jiwe baada ya saa 3 au 4. Wajuzi hulipaka donge hilo mafuta ya mgando, hulifunika kwa nailoni nyembamba ya kufunikia vyakula, kisha mwenye bunduki hulaza shavu pale ili donge lipate umbo la uso wake. Mafuta ya mgando yalikuwa yamekwenda harusini ndani ya mkoba wa Mama Salma. Nailoni ilikuwepo, ingawa ni ile ya bei ya chini, inayochanika kwa kutazamwa.

Ulikuwa mwezi wa Januari, na epoksi hupenda joto. Nikavuta kiti hadi kwenye radieta, nikalaza shavu langu la kushoto juu ya donge, nikafumba jicho moja kama mlengaji. La pili lilifuata lenyewe.

Nilipoamka, redio ilikuwa ikisoma habari za jioni, nami nina kitako cha bunduki usoni. Nailoni ilikuwa imejikunja pembeni, na ndevu zangu zimezama ndani ya epoksi kama nondo ndani ya zege. Maji ya moto hayakusaidia kitu. Mafuta ya kupikia yalinipa harufu ya maandazi tu. Kinyozi yuko mtaa wa pili, lakini sheria ya silaha ya mwaka 1968 inakataza kubeba bunduki ya hewa hadharani bila sababu ya maana, na ingawa kitako kitupu si bunduki, sikujiona nikimfafanulia askari tofauti hiyo huku nimekaa mkao wa mtu anayemlenga.

Nikampigia simu jirani, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Jinja. Yeye ni mmoja wa wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 wakahamia hapa Leicester, ingawa halmashauri ya mji ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwasihi wasije. Kiswahili chake ni cha dukani, hakijui haraka wala ngeli. Alisimama mlangoni, akanitazama juu hadi chini.

“Wewe bwana, hii bunduki nakuoa?”

“Shikamoo mzee. Naomba mkasi.”

“Marahaba. Mkasi iko. Lakini ngoja kwanza, naita mama aone.”

Mama alikuja, akaja na mkwewe, na mkwewe akaja na simu ya kupigia picha. Baada ya kucheka mpaka wakaketi, mama akatoa mkasi mdogo wa kudarizi, akaupenyeza kati ya ngozi na epoksi, akawa anakata nywele chache chache huku amezuia pumzi, mzee akikishikilia kitako kwa mikono miwili na kunikataza kumeza mate. Kazi ilichukua muda wa birika zima la chai ya tangawizi.

Mama Salma aliporudi usiku alinitazama shavu moja, akanitazama la pili.

“Baba Salma, nusu nyingine umeiacha wapi?”

Nikamwonyesha kitako.

Sikuzing'oa ndevu zile, kwa kuwa mto ule, Mungu anisamehe, unakaa shavuni barabara, na matundu yangu kwenye karatasi ya shabaha sasa yanakaribiana kuliko wakati wowote. Katika klabu yetu kuna Mwingereza mmoja mtu mzima ambaye hawezi kuona kitako cha mtu asikipapase. Alipitisha kidole juu ya zile nywele, akazisifu kwa ulaini wake, akauliza ni manyoya ya mnyama gani.

Nikamwambia ni wa Pemba, na siku hizi ni adimu sana.