Sauti Zimenyamaza, Sasa Mnamwita Mvivu

Jumapili iliyopita mjomba alimaliza ugali wake, akanawa mikono, akamtazama ndugu yangu mdogo na kutoa hukumu: "Huyu amepona. Kilichobaki ni uvivu." Nilimezea kwa sababu ni mjomba. Hapa simezei.

Ndugu yangu alikuwa makanga, njia ya Kisumu–Maseno. Abiria 14: huyu katoa noti ya mia mbili, yule anashukia njiani, mwingine anadai chenji tangu Kisian. Yote aliyaweka kichwani, hakuandika popote. Kisha skizofrenia, ugonjwa wa akili, ikamwangukia, akawa anasikia sauti ambazo sisi wengine hatuzisikii. Sindano ya kila mwezi ilizinyamazisha zile sauti, na ninaishukuru. Lakini leo ukimtuma soko la Kibuye akanunue omena, vitunguu na kiberiti, atarudi na omena tu, au mikono mitupu na uso umejaa aibu. Huo ndio uvivu wa mjomba.

Dawa hizi hupambana na sauti na dhana za ajabu ajabu. Kwenye kumbukumbu, umakini na kupanga mambo, msaada wake ni haba. Tena kuna Artane, dawa ya kutuliza mikono inayotetemeka, ambayo yenyewe huweza kuvuruga kumbukumbu. (Usiache dawa kwa sababu umenisoma mimi, tafadhali. Muulize daktari.) Mgonjwa anatoka wodini na karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi, basi. Aliyevunjika mguu hufundishwa kutembea upya. Huyu wetu anafundishwa na nani kukumbuka, mjomba?

Kuna kliniki niliuliza kuhusu mazoezi ya akili, yaani ya kumfundisha mtu upya kukumbuka na kupanga mambo. Nikaambiwa tumtafutie kitu cha kumshughulisha. Asanteni sana. Anafagia ua mwaka wa pili sasa, na ua unang'aa.

Na bado Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ilirekebishwa 2022. Hongera kwa waliopigwa picha.

Na mazoezi yenyewe si ndoto. Mwaka 2011 mtafiti Til Wykes wa London na wenzake walijumlisha tafiti 40 zenye washiriki zaidi ya 2,000, wakakuta kufikiri na kukumbuka kunaimarika, na faida haiyeyuki mazoezi yakiisha. Haya, nakubali: faida ni ya wastani, na ugonjwa wenyewe hauondoki. Kubofya michezo kwenye kompyuta peke yake pia hakutoshi. Maisha hubadilika zaidi mtu akifundishwa mbinu za kukumbuka huku akisaidiwa kurudi kwenye kazi na shughuli zake. Kwa hiyo atakayekuja kutuuzia programu ya simu apite mbali na lango letu. Tunataka mtu wa kukaa naye, hata saa mbili kwa wiki, ndani ya kliniki ileile anakodungwa sindano. Vyumba vipo, viti vipo.

Kwa sasa tunajikongoja wenyewe. Kabla ya kutoka anataja vitu vitatu kwa sauti, akikunja kidole kwa kila kimoja, na njiani anavirudia. Tatizo ni majirani: wanamwona anaongea peke yake, na huku kwetu hilo tu linatosha uitwe janeko, yaani mwendawazimu. Nimemwambia aendelee kuongea.

Jumamosi alirudi na omena na kiberiti. Chenji ilikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho. Vitunguu alisahau.