Kabla hamjanunua seva nyingine

Wiki iliyopita chuo kimoja kilitoa majina ya waliochaguliwa, na tovuti ikalala saa ileile. Mtoto wa jirani yangu alishinda na simu mkononi, anafungua, anafungua tena, bando linakatika, ukurasa mweupe. Kesho yake nasikia uongozi umeshaamua: inanunuliwa seva kubwa zaidi. Hapo ndipo nilipokasirika.

Orodha ikishatoka haibadiliki. Wa kwanza na wa elfu hamsini wanasoma kitu kilekile. Sasa kwa nini kila anayefungua, hifadhidata ipekue jedwali upya, ipange majina upya, programu ijenge ukurasa upya? Ni sawa na karani kumwandikia orodha kwa mkono kila mzazi anayefika getini, wakati ubao wa matangazo upo.

Wekeni Nginx, programu ya seva ya wavuti, mbele ya programu yenu, ishike nakala ya ukurasa kwenye kache (hifadhi ya muda) hata kwa sekunde moja. Yakiingia maombi 2,000 ndani ya sekunde hiyo, programu inajibu moja. Mengine yote yanapewa nakala. Ni mistari michache ya usanidi, na Nginx ni ya bure. Ila kwenye usanidi huo washeni proxy_cache_lock, maana bila hiyo, nakala ikiwa bado haijawekwa kwenye kache, maombi yote yanaivamia hifadhidata kwa pamoja. Ongezeni proxy_cache_use_stale, ili nakala inapofanywa upya au programu ikianguka watu waendelee kupata nakala iliyopo. Orodha ya dakika tano zilizopita ni bora mara mia kuliko kosa la 502, lile la programu ya nyuma kushindwa kujibu.

Na angalieni kuki, vile vipande vya data ambavyo tovuti huweka kwenye kivinjari. Laravel, mfumo wa kujengea tovuti, kwa kawaida hutuma kuki ya kikao hata kwa mgeni anayesoma tangazo tu, na Nginx ikiona Set-Cookie, mstari unaobeba kuki hiyo, kwa kawaida haihifadhi jibu hilo. Mtu anasema "kache tumeweka, haisaidii", kumbe haijawahi kushika chochote.

Elimu hii si ngeni. Brad Fitzpatrick aliandika Memcached, programu ya kache, mwaka 2003 kwa ajili ya LiveJournal, tovuti ya blogu iliyokuwa inaelemewa.

Nakubali, kache ikikosewa inaumiza. Krismasi ya 2015 Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, ilikuwa inashambuliwa, usanidi wa kache ukakosewa, na wateja wakafunguliwa kurasa za wenzao zenye barua pepe na anwani za malipo. Takriban watu 34,000 waliguswa. Kwa hiyo ukurasa wa mwombaji aliyeingia kwa nenosiri, fomu yake, deni lake la ada, usiwekwe kwenye kache: Cache-Control, agizo la nani ahifadhi nakala, iwe private (kivinjari cha mwenyewe tu), au no-store (asihifadhi yeyote) kabisa. Lakini msitumie hofu hiyo kukataa kache kwenye orodha mliyoitangaza hadharani wenyewe.

Kabla ya kusaini manunuzi, fungueni logi (kumbukumbu za maombi) za siku ile, mhesabu ni maombi mangapi yalitaka ukurasa uleule mmoja. Yakiwa machache, nunueni seva yenu, nami sitasema neno.