Mjomba na Basi la Vita

Niseme mapema, kabla hamjasikia ya upande wa pili: mahali nilipopaki palikuwa sahihi.

Gemu ni PlanetSide 2. Lipo tangu 2012, kucheza ni bure, na vita vyake si vya watu kumi kumi. Ni majeshi matatu yanagombania mabara mazima, mamia ya watu uwanja mmoja. Humo ukifa unachagua pa kufufukia, na ukiwa ugenini, mnashambulia ngome ya watu, pa kufufukia mara nyingi ni mahali pamoja tu: Sunderer. Hilo ni basi la deraya. Dereva analisogeza karibu na mapigano, anabonyeza B, linajikita chini, na kuanzia hapo kila marehemu wa upande wenu anatokea ubavuni mwake akiwa mzima kabisa. Basi likilipuka, shambulio limeishia hapo. Wapenda sifa wanaendesha vifaru na ndege. Wenye akili tunaendesha basi.

Jioni hiyo platuni yetu, Wazungu watupu na mimi mtoto wa Temeke, tulikuwa tunautaka mnara wa The Crown, ulioko juu ya mlima katikati ya bara la Indar. Nikaliingiza basi korongoni, chini kabisa, nyuma ya jabali, ubavu mmoja unagusa mwamba. Kifaru cha adui kipite barabarani mara ngapi, hakikuoni. Nikabonyeza B. Watu wakaanza kumiminika. Kila anayefufukia kwako unapewa pointi kidogo, zinajiandika kwenye skrini moja baada ya nyingine. Raha yake msiniulize.

Sasa Mjomba. Mjomba ameendesha mabasi ya mikoani mpaka akastaafu, na wiki hiyo alikuwa kwetu kwa ajili ya kliniki ya macho. Wadogo zangu walishika televisheni na katuni zao, basi akavuta kiti cha plastiki akakaa nyuma yangu na karanga zake kwenye karatasi.

"Hilo ni basi?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Linabeba wangapi?"

"12, na dereva humo humo."

"Hiyo Hiace."

Akatafuna. Nikajua yameisha.

"Mbona unashushia abiria shimoni?"

Nikamweleza taratibu. Kuna vifaru. Kuna ndege. Kuna askari wana jeti mgongoni, wanaruka mpaka juu ya basi wanadondosha mabomu ya C4 kwenye paa, kwa hiyo basi lazima lifichwe. Mjomba akagusa skrini kwa kidole chenye chumvi ya karanga. Askari wetu mmoja alikuwa anapanda mlima: anapanda, anateleza, anapanda, anateleza.

"Yule atafika kazini saa ngapi?"

Kweli, mwendo ulikuwepo. Mtu anahangaika na kile kilima, akichungulia tu juu anakula risasi ya kichwa, anarudi korongoni kuanza upya. Lakini hayo ni mambo ya pumzi zao, dereva anahusikaje?

"Peleka pale," Mjomba akasema, "pana kiwanja kizuri."

Kilikuwa kizuri kweli, tambarare, kando ya barabara, katikati ya mlima. Na kwetu mjomba habishiwi mara mbili. Nikabonyeza B, basi likanyanyuka, na alama yake ikafutika kwenye ramani ya kila mtu. Hedifoni zikalipuka kelele. Basi liko wapi? Nani kaling'oa? Mjomba hasikii hayo, yeye yuko kazini. Kasimama, kashika mgongo wa kiti changu: "Kata kushoto! Kata kushoto! Vunja yote! Nyoosha! Njoo nalo, njoo nalo!"

Maiki ilikuwa wazi.

Platuni nzima ikanyamaza. Kisha mmoja akauliza kwa Kiingereza, kwa heshima zote, kama hiyo ilikuwa amri.

Kiwanja kile kilikuwa kizuri kiasi kwamba fundi wa adui alishakipenda kabla yetu. Alikuwa amekitandika mabomu ya kutegea vifaru, na basi letu tayari lilikuwa na majeraha ya njiani. Tairi la mbele lilipofika tu, skrini ikawa nyeupe.

"Nani katega mabomu stendi?" Mjomba akafoka, na hasira ilikuwa ya kweli.

Wenzetu wote waliokuwa wamekufa wakajikuta hawana pa kutokea isipokuwa ngome ya nyuma kabisa. Kiongozi wa platuni akaanza kusema, kwa ile sauti ya upole ya mtu anayechagua tusi.

"Anasemaje?"

"Anakusalimia, Mjomba."

"Mwambie marahaba."

Sunderer ilikuwa inagharimu naniti 200, ndiyo sarafu ya kununulia magari humo, na mfuko wa mchezaji haupiti 750. Nilikuwa nazo. Safari hii Mjomba hakuomba. Alivuta kibodi. Nikamwonyesha herufi nne za kuendeshea, akaenda kwa vidole viwili, mwendo wa msiba, huku anatafuta honi. Nikamwambia honi za humo zinanunuliwa.

"Gari limepitaje ukaguzi bila honi?"

Alipofika mlimani hakupaki. Alisimama pembeni kwanza, akatazama. Akaangalia watu wetu wanaangukia wapi, adui anashukia njia ipi. Kisha akarudi rivasi kati ya majabali mawili, nyuma kumezibwa na mwamba, kichwa kinatazama pa kutokea. Kutoka hapo mnara haukuwa mbali, mtu hachoki. Na kwa kuwa palikuwa karibu, mafundi wetu wawili walikuwa wanakuja wenyewe kulichomelea kila likipigwa. Mwenye jeti mmoja alijaribu kushukia paani, akakuta watu wanne ndiyo kwanza wanafufuka na bunduki mkononi. Ukipima vizuri lakini, ni korongo langu lile lile, limesogezwa juu kidogo tu.

Basi lilikaa hapo mpaka mnara ukageuka rangi yetu. Kiongozi akarudi hewani, sauti imebadilika. Akasema kwa siku nyingi hajaona Sunderer iliyopakiwa vile, na angependa kujua dereva ni nani.

Nikajibu: mimi.

"Kasemaje huyo?" Mjomba akauliza, mikono bado iko kwenye kibodi.

"Anasema tusogeze gari, tumeziba njia."

Mjomba akavua miwani, akaifuta kwenye kanzu.

"Mwambie azunguke."