Kumbikumbi wa Ghorofa ya Tatu: Biashara au Ulanguzi?

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, hapa Kawangware, huuza kumbikumbi. Si mwaka mzima. Mvua za masika zikipiga vizuri kule Vihiga na Kakamega, shangazi yake hutuma gunia kwa basi la usiku, na kufikia saa kumi na mbili asubuhi jirani huwa yuko Machakos Airport akilingoja. (Mgeni asidanganyike, hapo hapatui ndege. Ni kituo cha mabasi ya mashambani, na jina lenyewe ni utani wa Nairobi ambao umekwama.) Jioni hiyo ngazi zetu zote hunukia kikaango na chumvi, na kila anayepanda anajua msimu umeingia.

Mwaka huu mpangaji mmoja alimkuta mlangoni akimpimia mteja. Akauliza bei, akaambiwa elfu moja kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Alicheka kile kicheko kisicho cha furaha. "Sisi nyumbani hawa tunawaokota bure, mama. Huu ni ulanguzi." Jirani hakujibu. Alisawazisha gorogoro kwa kiganja, akaongeza konzi moja juu, akafunga mfuko wa karatasi.

Neno hilo ndilo limenikaa. Kulangua ni kununua kwa bei ya chini ili uuze kwa bei ya juu, na kwa maana hiyo kila mwenye duka ni mlanguzi. Lakini hapa kwetu neno limechafuka. Ukilisikia kwenye taarifa ya habari ya saa moja jioni, mara nyingi linakuja limeandamana na dawa za kulevya. Kwa hiyo mpangaji yule hakuwa akisema bei iko juu kidogo. Alimwita mama wa watu mhalifu.

Alikuwa na haki kiasi gani?

Tuanze na hilo la kuokota bure. Ni kweli kumbikumbi hawalimwi wala hawanunuliwi mbegu. Lakini aliyewahi kukesha kwenye kichuguu anajua bure hiyo ina jasho. Wengine hufunika kichuguu na kuacha tundu moja linaloelekea shimoni, wengine huwasha taa, na kuna wanaopiga ardhi kwa vijiti taratibu ili wadudu wadhani mvua imerudi, watoke. Kisha kuna kuondoa mabawa, kuanika au kukaanga, na kupepeta mchanga. Anayefanya haya yote ni shangazi na wenzake kijijini, na jirani yangu huwalipa. Kwa hiyo bei ya mlangoni ina mikono mingi nyuma yake kabla hata gunia halijapakiwa.

Halafu kuna hesabu za Nairobi. Nilikaa naye jioni moja tukaziandika kwenye daftari la mtoto, kwa takwimu za mfano tu, kwa sababu bei ya kule hubadilika na mvua. Tuseme amenunua gorogoro ishirini kwa Sh600 kila moja, hiyo ni Sh12,000. Nauli ya mzigo Sh800, boda kutoka kituoni Sh300, mifuko ya karatasi, mafuta na chumvi Sh700. Jumla Sh13,800. Akishapepeta tena na kutoa waliovunjika, zinabaki gorogoro kumi na nane. Akiuza zote kwa elfu moja anapata Sh18,000, yaani faida ya Sh4,200. Mpaka hapo ni habari njema, na hapo ndipo watu wengi wanaosifu biashara za nyumbani hufunga daftari.

Sisi hatukulifunga. Gorogoro mbili zilichukuliwa kwa deni na "nitakutumia M-Pesa mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi ukapita na mwingine nyuma yake. Mbili nyingine zilibaki wiki ya mwisho, wakati kila mtu ameshatosheka na wauzaji wengine wamejaa kando ya barabara, zikaenda kwa Sh500. Toa hizo elfu tatu, inabaki Sh1,200. Kwa wiki tatu za jioni. Alitazama namba hiyo, akasema, "Hapo hujaniwekea hata chai."

Kwa maoni yangu hapa ndipo lawama ya ulanguzi inapopoteza nguvu. Anayelangua kweli hushika soko kooni. Huyu soko ndilo lililomshika yeye.

Lakini sitaki kumtetea kila anayeuza kitu adimu kutoka sebuleni kwake, kwa sababu uadimu si wa aina moja. Chukua tende. Kila Ramadhani inapokaribia, stetasi za WhatsApp hujaa maboksi ya tende, na wauzaji wa Rongai na Kasarani huandika "chache zimebaki" kana kwamba meli imezama. Ukweli ni kwamba Eastleigh wakati huo tende zimerundikwa kama matofali. Hakuna uhaba wowote. Kinachouzwa ni umbali: mtu hataki kupanda matatu mbili na kurudi na boksi mapajani baada ya kazi, akiwa amefunga. Mimi sioni kosa katika kuuza umbali, mradi muuzaji asiuite uhaba. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata taarifa anazohitaji kuhusu bidhaa, na "chache zimebaki" ya uongo ni taarifa pia. Tende zina hila yake nyingine: Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo aliyekariri kwamba msimu ni Machi atajikuta amechelewa. Na siku ya pili baada ya Idi, boksi lililobaki si tende za futari tena. Ni tende tu.

Aina ya tatu ya uadimu ndiyo inayonitia hasira. Mwaka 2017 unga wa mahindi ulipopanda bei, serikali iliingia mwezi Mei na kutoa unga wa ruzuku, pakiti ya kilo mbili kwa Sh90. Wanaokumbuka wanakumbuka rafu tupu na foleni. Mtu aliyekuwa na pesa ya kuzoa pakiti ishirini siku lori lilipofika, kisha akaziuza nyuma ya nyumba kwa bei anayotaka, hakusafirisha chochote. Hakupepeta, hakuanika, hakukesha. Alichukua kilichokuwa mbele ya jirani yake, akakificha, kisha akamuuzia huyo huyo jirani. Kenya ina sheria ya kudhibiti bei za bidhaa muhimu tangu 2011, na ina sheria hiyo kwa sababu ya watu wa namna hii, si kwa sababu ya mama mwenye gorogoro.

Kwa hiyo swali langu kwa kila muuzaji wa msimu ni moja: ukitoweka kesho, mnunuzi wako atapata bidhaa hiyo kwa urahisi zaidi au kwa shida zaidi? Kwa yule wa unga jibu ni urahisi zaidi. Kwa jirani yangu, mpangaji aliyekasirika angelazimika kusubiri mpaka mtu wa kwao aje na mfuko, au asafiri mwenyewe kwa muda wa saa nane au tisa hadi Kakamega, alipe nauli, na asile kumbikumbi wa elfu moja bali wa elfu tatu.

Hata hivyo mpangaji alikuwa na hoja ambayo yeye mwenyewe hakuijua, nayo inanisumbua zaidi ya ile ya bei. Nairobi ikianza kununua, bei inapanda kijijini. Kumbikumbi ni protini ya mtoto ambaye nyumbani kwao nyama ni ya Krismasi. Shangazi anapogundua kwamba mnunuzi wa Nairobi hulipa Sh600 kwa gorogoro, konzi za bure za watoto wa jirani zinapungua. Sina jibu safi kwa hili. Shangazi naye ana karo ya kulipa, na si haki kumwambia abaki na bei ya kijijini ili dhamiri yetu huku mjini itulie. Lakini ni gharama, na haimo kwenye daftari letu.

Kuna na suala la usalama, ambalo wauzaji wa nyumbani hulipita haraka mno. Mwaka 1980 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha taarifa ya mkasa wa botulizimu nchini Kenya uliotokana na kula kumbikumbi. Sumu hiyo hutoka kwa bakteria wanaostawi pasipo hewa, na hakuna mahali pazuri kwao kama wadudu wabichi waliofungwa kwenye nailoni wakiwa na unyevu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini gunia la nailoni bado lipo, na basi la usiku lina joto. Jirani yangu huchukua waliokauka tu. Huchovya mkono hadi chini ya gunia, akasugua wachache kiganjani. Wakishikana badala ya kuvunjika, anawatenga. Mwaka juzi alitupa karibu robo ya mzigo kwa ajili hiyo, na hakumwambia mteja yeyote. Ningefanya biashara hii mimi, hilo ndilo ningelitangaza kwanza kabla ya bei.

Mambo ya leseni nitayapitia kwa kifupi kwa sababu hayana utata, yana usumbufu tu. Kaunti hutaka kibali cha biashara, na muuza chakula anatakiwa awe amepimwa afya. Kodi ya TOT, ile inayotozwa mauzo ya biashara ndogo, asilimia 3 tangu Julai 2023, huanzia mauzo ya zaidi ya Sh1 milioni kwa mwaka, na kwa gorogoro ishirini mtu yuko mbali na huko. Mwenye ploti ndiye wa kuogopwa. Mkataba wa nyumba mara nyingi unasema makazi tu, na harufu haijui mkataba.

Wanaopinga biashara hizi husema pia kwamba zinawapotezea vijana muda: miezi miwili ya shughuli, kumi ya kungoja. Nilidhani hivyo mpaka jirani alipojaribu kuziba mapengo. Januari moja alileta ngowe kutoka Pwani, masanduku manne, akijua watu wa kwetu wamechoka na embe zenye nyuzi. Siku tatu za kwanza zilienda vizuri. Siku ya nne mkokoteni ulisimama langoni, ngowe zile zile, kwa nusu ya bei yake. Siku ya sita alikuwa akiwagawia watoto wa ploti nzima, na nzi wadogo wa matunda wakahamia jikoni kwake kwa wiki mbili. Tangu hapo hagusi kinachooza. Kumbe ile miezi ya kungoja ambayo watu huiona uvivu ilikuwa ndiyo busara ya biashara yenyewe: hana kodi ya kibanda, hana mfanyakazi, mtaji wake unalala kwenye chama cha akiba bila kumdai chochote. Mwenye duka akikosa wateja Julai, kodi ya duka haikosi.

Anachobaki nacho ni orodha. Namba za simu zaidi ya sitini za watu wanaojua kwamba yeye hachanganyi mchanga. Shilingi 1,200 za msimu mmoja ni mzaha, lakini orodha hiyo haiozi, na mwaka huu wadaiwa wawili hawamo ndani yake.

Juzi alinishukia na wazo jipya. Masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Anataka kuyanunua Kamukunji mwezi wa Novemba, mafundi wakiwa hawana kazi nyingi, ayauze Januari wazazi wanapokimbizana na orodha za shule. Nikamwambia hapo sitamtetea. Hakuna umbali wa maana, Kamukunji iko hapo tu, na mzazi wa Januari tayari amebanwa kila upande. Huo unanuka ule mchezo wa unga.

Akaniuliza: "Nikinunua kumi, fundi hatengenezi mengine?"

Hutengeneza. Tena pesa ya Novemba ndiyo humnunulia bati la Desemba. Pakiti ya ruzuku ukiificha imefichwa, lakini sanduku ukilinunua mapema umeagiza jingine. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Yeye alikuwa ameshapima chini ya kitanda kwa kamba: yanaingia manane, na akiyapata ya saizi mbili, dogo ndani ya kubwa, yatafika kumi na sita.